Kufuli Kwenye Kisima cha Mama

Kwetu mtu akidhulumiwa, kabla hajamaliza hata kusimulia, atasikia sauti tatu nne zikimwambia, "Mwachie Mungu." Neno hilo silipendi, na Mungu anisamehe. Si kwamba simwamini. Namwamini na tena namwogopa. Ila wengi wanaolisema huwa wamekwisha kushika jembe lao, wanataka kuondoka. Wanamtwisha Mungu mzigo ili wao wawahi shambani.

Mama yangu hakutaka kuondokewa namna hiyo. Hiki ninachokisimulia ni kisa cha kisima chake, na nitakieleza kama kilivyokuwa, maana huku Masasi nimeshakisikia kikisimuliwa vingine kabisa, na mimi nikiwa nimegeuzwa mchawi ndani yake.

Mama anakaa kijijini upande wa Newala, si mbali na Chilangala. Mimi naishi Mkomaindo, hapa Masasi karibu na hospitali, nauza uji na chapati kwa watu wanaouguza wagonjwa wao. Huko kwa Mama juu hakuna mto. Maji yako bondeni, na bonde lenyewe si la kuteremka kwa mchezo. Kushuka unashuka na ndoo tupu huku unaimba, kupanda unapanda na ndoo kichwani na wimbo umekuishia. Kwa hiyo mwenye nyumba ya bati huchimba shimo kubwa uani, akalisakafia kwa saruji, akaelekeza humo maji ya paa. Mvua za mwaka zikikatika, familia inakunywa humo mpaka zirudi. Bomba lipo, sikatai, lakini zipo wiki linapuliza upepo tu.

Baba alipofariki, na arobaini yake ikapita, nilijua maneno yatakuja. Kwa desturi yetu ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Ardhi aliyojengea Baba ilikuwa ya ukoo wake yeye, na warithi wake kwa desturi si sisi watoto wake, ni watoto wa dada yake. Lakini desturi hiyohiyo ina neno lingine: mkorosho ni wa aliyeupanda. Ardhi yako, mti wangu. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kugusa mikorosho ya Mama, aliyoipanda kwa mikono yake na kuipalilia mpaka ikampinda mgongo.

Kisima ndicho hakikuwa na neno lolote. Wazee waliotuachia desturi hawakujua saruji.

Mtoto wa shangazi yangu, ambaye mimi namwita kaka, akaliona pengo hilo. Kisima chake mwenyewe kilikuwa kimepasuka chini, maji yote ya mvua yakanywewa na udongo. Badala ya kukiziba akanunua kufuli. Siku moja asubuhi Mama alitoka uani na ndoo yake akakuta mfuniko umefungwa kwa mnyororo, na kaka amesimama pale, mzee wa kanisa mzima, shati limepigwa pasi, anamwambia, "Shikamoo, Mama. Shimo ni ardhi, na ardhi ni ya ukoo. Lakini usiwe na wasiwasi, sitakunyima."

Mama aliitikia marahaba. Hilo ndilo lililoniuma zaidi aliponisimulia kwenye simu. Nikamwambia, "Yaani amekufungia maji na wewe ukamwitikia?" Akasema, "Salamu ni yangu, haikufungwa. Wewe njoo."

Nikaenda. Ulikuwa msimu wa korosho, jua kali, kijiji kizima kinanuka mabibo. Nilikuta kaka ana utaratibu wake: anakuja asubuhi na wanawe, wanachota ya kwao, kisha anamwachia Mama ndoo moja, anafunga, anatia ufunguo mfukoni. "Ananipimia," Mama akasema. "Maji yangu mimi, ananipimia kama dawa." Ndoo hiyo anywe, apike, aoge, na ampe mbuzi. Bondeni magoti hayamfikishi tena. Nikamwambia twende Mkomaindo, nitamtafutia kitanda. Akaniangalia kama nimemtukana. "Nikiondoka leo, kesho watasema nimeacha na mikorosho. Mimi sitoki hapa. Nitatoka hapa nimebebwa."

Basi nikajua ugomvi ni wa nini. Haukuwa ugomvi wa maji tu. Bila kisima Mama asingeweza kukaa, na asipokaa hana kwake.

Majirani wakaja kutupa pole. Mama mmoja wa nyumba ya pili, Mwislamu, rafiki yake Mama tangu ujana, alituletea dumu la maji bila kusema kitu, nami nikambariki moyoni. Wengine walileta lile neno. Mwachie Mungu, Mwachie Mungu. Mama akawasikiliza mpaka mwisho, akawashukuru. Walipoondoka akaniambia, "Leta Biblia. Tumwachie Mungu vizuri. Tusikie kwanza yeye mwenyewe alisema nini."

Mama macho yake yana ukungu, na sikio moja limeshachoka. Tangu nilipojua kusoma mimi ndiye msomaji wake, na anachotaka kusomewa ni manabii. Zaburi zinampa usingizi, anasema. Anawapenda wale wakali, na anayempenda kuliko wote ni yule mchunga kondoo aliyekuwa pia mtunzaji wa mikuyu. "Huyu mwenzetu," husema. "Huyu ana matope miguuni."

Kwa hiyo kila alasiri, jua likianza kupoa, tulikaa uani kando ya kisima kilichofungwa, yeye anabangua korosho za kula nyumbani, mimi nasoma. Na kwa sababu ya sikio lake nilisoma kwa sauti ya juu. Nilisoma ya watu wanaoongeza nyumba juu ya nyumba na shamba juu ya shamba mpaka wenzao wakose pa kukaa. Nilisoma ya wajane wanaotolewa katika nyumba walizozipenda. Nilisoma jinsi Mungu anavyosema sikukuu zenu nimezichoka na nyimbo zenu ni kelele. Ole wao, ole wao! Na mimi, kusema kweli, kila nikifika kwenye ole niliongeza sauti kidogo, uso nimeuelekeza upande wa nyumba ya kaka. Loo, nilisoma vizuri siku zile! Padri mwenyewe angenionea wivu.

Tulipofika pale nabii anapotaka haki iteremke kama maji, kama mto usiokauka, Mama alicheka mpaka korosho zikamwagika.

"Huyu hajafika Newala," akasema. "Kwetu maji hayateremki kuja. Yanateremka kutukimbia. Maji yaliyofika hapa juu yamepandishwa na mtu."

"Basi tusubiri mvua," nikasema kwa uchungu.

"Nani asubiri? Yaliyopanda bondeni yalipandishwa kwa kichwa. Na haki nayo itapandishwa. Soma."

Sasa njia ya kwenda shambani kwa watu wengi inapita nyuma ya ua wetu. Watu wakapita, wakasikia. Wanamwona mjane amekaa mbele ya kisima kilichofungwa, mwanawe wa mjini ameshika kitabu, anasoma kwa ukali, kila siku, saa ileile, ole, ole. Mtu wa pwani yetu hii, awe Mkristo awe Mwislamu, akiona hivyo anajua jambo moja tu: hapo inasomwa albadiri. Aliyedhulumiwa anasomesha, na mwenye kosa avimbe tumbo, au apofuke, au arudishe mali usiku akilia. Kijiji kikakata shauri kwamba Wakristo nao kumbe wanayo albadiri yao, walikuwa wameificha tu, na mtoto wa marehemu amekwenda kuichukua Masasi.

Na Mungu naye, sijui alikuwa anatania, kaka akavimba shavu.

Lilikuwa jino. Jino lile bovu lilimsumbua tangu ujana wake, kila mtu alilijua, hata kwaya ilikuwa inamsubiri siku likimuuma. Lakini sasa nani atasema jino? Watoto wake waliacha kupita uani kwetu. Mkewe alituletea unga na kukimbia kabla sijamshukuru. Wale wa Mwachie Mungu wakaanza kunisalimia wakiwa mbali, shikamoo za watu wazima kwangu mimi niliyewazidi miaka michache tu! Nami nilifurahi, jamani. Nilifurahi sana. Nikamwambia Mama, "Umeona? Amejibiwa."

Mama aliendelea kubangua korosho.

Siku iliyofuata kaka akaja. Shavu limejaa, amelifunga kitambaa, shati halina pasi. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti, akanyoosha mkono wenye ufunguo.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Pole na jino."

"Chukua ufunguo wako. Nimekosa. Ila naomba dada afunge hicho kitabu."

Nilikuwa nimeshafika na mkono nimeunyoosha. Mama akanishika nguo nyuma, akanivuta kama mtoto.

"Sichukui," akasema.

Kaka akadhani anataka zaidi. Akaanza kulia, mtu mzima yule, anasema ataongeza mbuzi, ataongeza gunia la korosho, mradi asisomewe tena. Mama akamkatiza.

"Sikiliza. Jino lako litapona. Likipona hofu itaisha, na hofu ikiisha utanunua kufuli lingine. Au nitakufa mimi, uje umfungie mwanangu. Sitaki kisima nilichorudishiwa na jino. Nataka kikao. Ukoo ukae, mwenyekiti wa kitongoji akae, waseme mbele ya watu kisima ni cha nani. Mpaka hapo ufunguo ni wako, na wewe endelea kunipimia."

Alipoondoka nilimvaa Mama. Nilimwambia amerukwa na akili. Tumeshinda, mtu ameleta ufunguo kwa miguu yake, wewe unamrudisha akautafutie hoja? Kwenye kikao wataamua wanaume wa ukoo wake, watamkumbuka ndugu yao, na sisi tutabaki na aibu! Nilipiga hata mlango.

Mama aliningoja nimalize. Kisha akasema, "Umenisomea wiki nzima, hukusikia? Hao manabii walisema hukumu ikakae wapi? Langoni. Langoni pa mji, wazee wakiwa wamekaa, mjane asikilizwe. Hakuna waliposema ikakae kwenye shavu la mtu."

Nikaenda kukoroga ugali.

Kikao kikakaa Jumamosi, uani kwetu, maana kesi ilikuwa hapo hapo imefungwa mnyororo. Wazee wa ukoo wa Baba walikalia benchi, mwenyekiti wa kitongoji kiti, sisi wengine mikeka. Shangazi yangu, dada yake Baba na mama yake kaka, alikuja amechelewa, amenuna, anasema ameacha korosho juani na mbuzi wa watu hawana adabu. Kaka alikuwa na kitambaa chake bado. Lililokuwa wazi kwa kila mtu ni kwamba angekubali lolote. Mwenyekiti angeuliza swali moja tu, tungekwisha kabla chai haijachemka.

Mama akaomba kusema kwanza.

"Kabla ya yote," akasema, "mwanangu awaambie alikuwa anasoma nini."

Nikamnong'oneza, "Mama, usifanye hivyo." Akanigusa goti: simama. Nikasimama. Nikawaambia wote kwamba haikuwa albadiri, haikuwa dua ya kumdhuru mtu, ni Biblia ileile inayosomwa kanisani Jumapili, na ilisomwa kwa sauti kwa sababu ya sikio la Mama. Mwalimu wa madrasa, aliyekuja kumsindikiza yule rafiki wa Mama, akacheka akasema, "Mimi niliwaambia! Albadiri gani inasomwa na mtu mmoja huku mwenzake anabangua korosho?" Watu wakacheka wote. Na palepale nikamwona kaka anaupapasa uso wake, anakaa sawa, mabega yanapanda. Rangi ilimrudia kama mtu aliyeambiwa nyoka ni kamba.

Jamani, nilitamani ardhi ya ukoo inimeze.

"Kama ni hivyo," kaka akasema, sasa na sauti yake ya kusoma matangazo kanisani, "basi tuzungumze desturi. Ningeogopa ningekuwa nimekosa, lakini nimekosa nini? Mkorosho unapandwa. Kisima kinapandwa? Kisima ni shimo. Shimo ni ardhi. Ardhi ni ya ukoo. Mjomba alikuwa mlinzi tu wa ardhi yetu, na mkewe ni mgeni wetu, tunamheshimu."

Wazee wakaangaliana. Mmoja akatikisa kichwa kukubali, mwingine akafuata. Nikajua tumekwisha. Kumbe Mama alilijua swali lile kabla yao, tena alikuwa amekaa nalo tangu siku ya kufuli.

"Ni kweli," akasema. "Shimo ni lenu. Marehemu alichimba udongo wa ukoo, na shimo lilipokwisha tukangoja mvua, ikanyesha. Mnakumbuka ilikuwaje?"

Akageuka pole pole na sikio lake zima akalielekeza kwa shangazi. "Wifi, wewe ulikuwepo."

Shangazi akavuta kanga. Alimtazama mwanawe, akatazama chini, akafyonza. Nilidhani hatasema. Ni mwanawe, na kisima kikienda kwa ukoo ni yeye na wajukuu wake watakaokunywa. Hakuna ambaye angemlaumu.

"Yalikauka," akasema mwishowe. "Maji yaliingia asubuhi, jioni udongo umeyanywa yote. Shimo lenu halikushika hata ya kunawa mkono. Ndipo kaka yangu akaleta saruji. Na saruji inakorogwa na nini? Mate? Ilikuwa kiangazi kama hiki. Wifi yangu alishuka bondeni alfajiri na jioni, mimba imemkaa hapa, maji kichwani, mpaka sakafu ikakamilika. Mimi mwenyewe nilimsaidia, na kipara hiki mnachonicheka nacho kilianzia kwenye ndoo zile." Akafungua kilemba akatuonyesha utosi, na hakuna aliyecheka. "Chukueni shimo lenu, kama mnalo. Hicho kinachoshika maji alikipanda yeye. Na wewe mwanangu, ukitaka maji kazibe kisima chako, usinitie aibu kwa kaburi la kaka yangu. Mmemaliza? Korosho zangu zinaliwa."

Hata hakukaa tena, aliondoka.

Wazee walinong'onezana. Walizunguka sana, mmoja alitaka kisima kigawanywe, mwenyekiti akamuuliza watakikata kwa msumeno gani. Mwishowe mkubwa wao akasema neno ambalo sasa linatumika pale kijijini, nimeshasikia wajane wengine wawili wakilishikilia: saruji ni kama mkorosho, ni ya aliyeipanda, ardhi ya ukoo itakaa chini yake na kungoja. Kaka aliambiwa aufungue mnyororo mbele ya watu wote. Aliufungua. Hakumtazama mtu.

Watu walikunywa chai wakatawanyika. Mimi nilikuwa na furaha ya kukoga kwa ndoo nzima, nikaingia ndani kuvua nguo za kikao. Nilipotoka, kaka alikuwa amerudi. Alikuwa peke yake, amesimama nje ya ua, ana ndoo tupu. Bondeni alikuwa amechelewa, na nyumbani kwake ana mtoto mchanga. Hata shikamoo haikumtoka.

"Asithubutu," nikamwambia Mama. "Asithubutu kabisa! Asubuhi hii hii amekuita mgeni."

"Mchotee," Mama akasema.

"Mama!"

"Mchotee, nimesema. Jana ningemchotea ningekuwa naibiwa. Leo ni yangu. Leo naweza kumpa."

Niliinua mfuniko. Nilichota kwa hasira, nikamimina kwa hasira, na Mama alisimama juu yangu anaangalia, mpaka ndoo ya kaka ikajaa hadi ukingoni.